Kumfundisha Mgonjwa: Fiziotherapia Mbeya na Iringa baada ya "Mtu ni Afya"

Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya wanavijiji, wa Mbeya na Iringa wakiwemo, kando ya redio; walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Mwanafunzi wa fiziotherapia alipitia njia nyingine. Huko KCMC, Moshi, alisomeshwa misuli na viungo kwa Kiingereza. Wodini alipaswa kumwelekeza mgonjwa kwa Kiswahili, na pengine mgonjwa huyo ni bibi aliyezoea Kihehe au Kisafwa. Hata hivyo, kikwazo hakikuwa lugha pekee. Kuitikia "ndiyo" mbele ya mtabibu ni adabu, si ushahidi wa kuelewa. Mjadala wa 1973 ulikosekana hapo: mgonjwa aonyeshe zoezi mwenyewe, aulizwe pia atalifanya saa ngapi msimu wa palizi ukianza.