Ngoma iliyopigwa angani: historia ya WorldSpace na funzo kwetu Uvira



Siku hizi tukitaka muziki tunafungua simu, kama mega ziko. Lakini zamani kidogo kuliko mega, kuna Mwafrika mmoja aliyetaka kuturushia muziki moja kwa moja kutoka angani. Wengi wetu hatujawahi kusikia kazi yake. Tuangalie juu ya nini.

Anaitwa Noah Samara. Alizaliwa Ethiopia, akasoma sheria Marekani, na mwaka 1990 akaanzisha kampuni ya WorldSpace. Wakati ule UKIMWI ulikuwa unamaliza watu Afrika, na habari za kujikinga hazikufika vijijini. Wazo lake lilikuwa rahisi: setilaiti ya redio inaweza kufika kule ambako barabara haifiki.

Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yake ya kwanza, AfriStar, ikarushwa kwa roketi ya Ariane kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Bazee wetu wanaukumbuka mwaka ule kwa jambo lingine. Vita vya RCD vilikuwa vimeanza mwezi wa Agosti, na Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi. Kama kuna watu waliohitaji redio, ni sisi.

Na kwa hesabu, tulikuwa ndani. AfriStar ilikaa juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, kwenye nyuzi 21 mashariki. Uvira iko karibu nyuzi 29. Maana yake setilaiti ilikuwa karibu utosini mwetu, imeegemea magharibi kidogo tu. Hata milima ya Mitumba haingeizuia.

Kati ya chaneli zake, mbili zinatuhusu. UPop ilipiga vibao vya pop vya kuchezeka kutoka nchi mbalimbali. Ngoma ilipiga muziki wa Afrika, na jina lenyewe halihitaji kutafsiriwa hapa kwetu. WorldSpace ilikuwa pia imeweka pesa mapema katika XM, redio ya setilaiti ya Marekani iliyofungua Septemba 2001. Kwa hiyo UPop na Ngoma zikasikika kule pia. Dereva wa Chicago akaweza kusikiliza Ngoma ndani ya gari lake. Dereva wa Kavimvira je?

Hapo ndipo shida ilianzia. Redio ya kawaida ya pile haikuweza kushika AfriStar. Ulihitaji chombo maalumu, na vilipoanza kuuzwa bei yake ilizidi dola 100. Antena yake ilitaka kuona anga wazi, si kukaa chini ya mabati. Baadaye kampuni ikaanza kudai malipo ya kujiandikisha. Nani wa Kalundu au Kiliba angelipa hayo wakati anatafuta unga?

XM ilipona juu ilikuwa na watu wenye magari na kadi za benki, redio zinafungwa ndani ya gari kiwandani, na mitambo ya kuongezea nguvu mijini. WorldSpace ilikuwa na anga la nusu ya dunia, lakini wateja wake hawakufika 200,000, na wengi walikuwa India. Oktoba 2008 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kufikia mwisho wa 2009 huduma ikazimika.

Sasa, wakati Ngoma inapigwa juu ya vichwa vyetu bila kusikika, sisi tulikuwa tunasikiliza nini? FM za Bujumbura, zinazovuka maji na tambarare ya Ruzizi bure kabisa. Halafu tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ikaanza, kazi ya MONUC na Fondation Hirondelle. Hapa naomba muangalie vizuri: Okapi nayo ilitumia setilaiti! Sauti inatoka Kinshasa, inapanda angani, inashuka kwenye mtambo wa mji, kisha inatoka kwa FM ya kawaida. Chombo cha bei kali ni kimoja kwa mji mzima. Mama wa sokoni anahitaji redio yake ileile na pile mbili.

Kwa hiyo si setilaiti iliyoshindwa. Kilichoshindwa ni kumwachia msikilizaji masikini alipe kipande cha mwisho cha safari.

Na jambo hili halijaisha. Kijana wa Mulongwe anarekodi wimbo wake leo, anauweka kwenye mtandao, na kwa hesabu dunia nzima inaweza kuusikia. Lakini jirani yake asiye na mega anausikia siku redio ya mtaa inapoupiga, au mtu anapompatia kwa kadi ya simu. Sisi tuliosoma tunapenda sana kuandika miradi ya programu za simu. Kabla ya kuandika mwingine, tuulize swali ambalo WorldSpace ilichelewa kulijibu: kipande cha mwisho, kutoka angani hadi sikioni mwa mama wa Kasenga, nani atakilipa?

Semeni, wandugu. Ninyi nyumbani kwenu mlikuwa mnasikiliza redio gani?