Ngege: Kutoka Nyavu za Kitani hadi Maficho ya Mafunjo

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilileta walanguzi kabla ya kuleta watalii. Samaki aliyevuliwa alfajiri katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Ghuba ya Winam, sasa aliweza kupakiwa kwenye behewa na kuuzwa mbali na ziwa. Miaka 4 baadaye, mwaka 1905, zikaingia nyavu za makila zilizosukwa kwa kitani kutoka Ulaya. Hazikuhitaji watu 20 wa kuvuta. Mvuvi alizitega jioni, akalala, akazifuata asubuhi zikiwa zimejaa.

Waliojaa humo walikuwa ngege.

Kabla ya hapo Wajaluo, Wasuba, Wakerewe na jirani zao walivua kwa madema, kwa uzio wa matete, na kwa kokoro zilizofungwa kwa mafunjo. Zana hizo zilikomea karibu na ufuko. Ngege mwenyewe hupenda maji ya wazi yaliyo nje kidogo ya pwani, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukoo wake ilibaki salama bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo. Wavu wa kitani ulimfuata hukohuko.

Ngege, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, ni wa jamii ya perege na sato, na asili yake ni bonde la Ziwa Victoria pekee: Victoria lenyewe, Ziwa Kyoga na vijiziwa vinavyolizunguka. Hawindi wenzake wala hachimbi matope. Matamvua yake yana vichujio vyembamba vilivyosongamana, na kwa hivyo huchuja vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho, hasa diatomu. Jike hutaga mayai mamia, si maelfu kwa maelfu kama samaki wengine, kisha huyabeba kinywani hadi vifaranga waweze kujitegemea. Ni malezi mazuri, lakini yana gharama: ukimnasa jike mmoja umenasa na kizazi chake, na ukoo unaozaa kidogo hauwezi kuziba pengo upesi.

Kufikia miaka ya 1920 wavuvi wa Kavirondo walikuwa wanalalamika. Wavu uliokuwa ukipandisha samaki kwa makumi sasa ulipandisha wa kuhesabu kwa vidole. Serikali za kikoloni zikamwita Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, naye mwaka 1927 na 1928 akalizunguka ziwa akifuatana na kijana aitwaye E. B. Worthington. Mwaka 1928 ndipo Graham alipompa ngege jina la kisayansi, wakati huo Tilapia esculenta. Wakazi wa ufukoni walikuwa wamemla kwa karne nyingi, lakini kwa vitabu vya Ulaya ndiyo kwanza alikuwa anazaliwa, tayari akiwa na dalili za kupungua.

Ripoti ya Graham ilitoka mwaka 1929, na pendekezo lake kuu lilikuwa jepesi kulieleza: wavu usiwe na matundu yaliyo chini ya inchi 5, yaani milimita 127. Ngege mdogo angepenya, akue, azae walau mara moja, ndipo avuliwe. Mwaka 1933 pendekezo hilo likawa sheria. Katika historia ya maji baridi ya Afrika Mashariki ni nadra kupata samaki mwingine aliyetungiwa kanuni mapema hivyo, na kwa hesabu iliyo wazi namna ile.

Tatizo halikuwa hesabu. Ziwa lina serikali 3, ufuko wa maelfu ya kilomita, na mvuvi ambaye watoto wake hula leo. Mwaka 1947 iliundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria ili kusimamia sheria, na mwaka huohuo shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki likaanzishwa Jinja. Kati ya wataalamu wake wa kwanza alikuwamo Rosemary Lowe, mwanamke aliyewasili mwaka 1948 akitokea Ziwa Nyasa, ambako alikuwa amechunguza chambo, perege wa huko. Mengi yanayojulikana leo kuhusu mahali ngege anapozalia, anavyokua na anavyokula yalitoka katika kazi yake ya miaka ile. Kisha mwaka 1953 akaolewa, na kwa kuwa kanuni za utumishi wa kikoloni zilimtaka mwanamke aliyeolewa aache kazi, akaacha. Aliendelea na utafiti mahali pengine kwa jina la Lowe-McConnell, akawa miongoni mwa magwiji wa dunia wa samaki wa tropiki. Ziwa lilimpoteza mtu aliyemjua ngege kuliko karibu wote, tena katika mwaka mbaya.

Mwaka mbaya, kwa sababu wakati uleule nailoni ilikuwa inaingia. Wavu wa nailoni hauozi kama wa kitani, hauanikwi kila siku, na samaki hauoni kirahisi. Injini za kufunga nyuma ya mtumbwi nazo zikafika. Na badala ya kukaza sheria, watawala waliilegeza: Tanganyika na Uganda ziliifuta katika miaka ya 1950, Kenya ikafuata mwaka 1961. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi kabisa. Inchi 5 zilikuwa zinavunjwa kila usiku, na ziwa lilikuwa na samaki wengine wadogo ambao wavu mpana ulishindwa kuwakamata. Lakini mara tu kizuizi kilipoondoka, wavuvi walishuka hadi inchi 4 na chini yake, na ngege akaanza kuvuliwa kabla hajazaa.

Tiba iliyofuata ilikuwa kuleta wageni. Katika miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi walipandikiza ziwani perege wa aina kadhaa kutoka kwingine, akiwamo sato wa Mto Nile, ambaye ndiye sato anayejulikana leo Mwanza, Kisumu na Kampala. Waliamini atajaza nafasi iliyoachwa. Kweli aliijaza. Sato hula karibu chochote, hukua haraka, huwa mkubwa kuliko ngege, na huzalia katika ghuba zilezile. Mvua kubwa za mwaka 1961 na zilizofuata zikapandisha maji ya ziwa kwa zaidi ya mita 2, zikafunika nyasi na vinamasi vya ufukoni, na mgeni akapata malezi ya bure.

Halafu kuna sangara. Alionekana ziwani upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950, akiwa ameingizwa kimyakimya, kabla ya kupandikizwa rasmi mwaka 1962 na 1963. Si kwamba hakuna aliyeonya. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer, aliyekuwa Jinja, alichapisha makala kupinga wazo hilo waziwazi: mlaji mkubwa wa samaki hawezi kuzalisha nyama nyingi kuliko anayoila, na akishaingia hatoki. Sangara alikaa kimya kwa takriban miaka 20, kisha katika miaka ya 1980 akafumuka, na inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zilitoweka.

Hapo ndipo simulizi nyingi humtupia sangara lawama zote, na hapo ndipo zinapokosea kuhusu ngege. Ngege hakumsubiri. Meli ya utafiti iliyokokota nyavu sakafuni mwa ziwa kati ya mwaka 1969 na 1971 ilikuta furu ndio zaidi ya asilimia 80 ya samaki wote kwa uzito. Ngege alikuwa tayari mabaki. Sangara alifika matangani. Alichokifanya ni kuhakikisha marehemu hafufuki, naye alisaidiwa na maji yenyewe: mbolea, udongo na majitaka kutoka nchi kavu vililirutubisha ziwa kupita kiasi, diatomu zikapungua, na mwani wa bluu-kijani ukashika nafasi. Samaki aliyeumbwa kuchuja chakula kimoja alikuta sahani imebadilishwa.

Leo mteja akiagiza ngege katika vibanda vya Kisumu ataletewa sato, na muuzaji hatakuwa anadanganya, kwani jina limehamia kwa aliyebaki. Mwaka 2006 ngege wa asili aliingizwa katika orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hata hivyo hakutoweka. Alibaki mahali ambapo hakuna aliyepahangaikia: vijiziwa vya pembeni vilivyozingirwa na mafunjo. Upande wa Kenya kipo Kanyaboli, kijiziwa cha kilomita za mraba zipatazo 10 ndani ya kinamasi cha Yala, Siaya. Uganda kuna Kayanja na Kayugi, jirani ya Ziwa Nabugabo. Kinachomlinda kinaelezeka. Chini ya mafunjo maji hayasogei, majani yanaoza, na oksijeni inakuwa haba mno. Sangara huhitaji oksijeni nyingi, hivyo hawezi kuvuka ukanda huo, ilhali perege wengi na furu kadhaa huvumilia. Utafiti uliofanyika Nabugabo umeonyesha vizuri jinsi kinamasi kinavyofanya kazi ya ukuta.

Ukuta huo lakini ni ardhi, na ardhi yenye rutuba ina wachumba. Yala ilianza kukaushwa kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960, na mwaka 2003 kampuni ya Marekani ilipewa maelfu ya hekta kulima mpunga. Watafiti kama Romulus Abila, waliochunguza samaki wa Kanyaboli, walijenga hoja kwamba kijiziwa hicho si shimo la maji tu bali ni ghala la mbegu ambazo ziwa kubwa limezipoteza. Mwaka 2010 Kanyaboli ilitangazwa hifadhi ya taifa. Anayeijua sana hifadhi hiyo mara nyingi ni mpenzi wa ndege au wa nzohe, swala wa vinamasini; ngege hamvutii mpiga picha.

Ukuta wa mafunjo, pia, humzuia sangara na si mtu mwenye ndoo ya vifaranga. Sato akimwagwa kwenye kijiziwa kwa nia njema ya kuongeza kitoweo, huzaa na ngege, na machotara wao huzaa tena. Vipimo vya vinasaba katika vijiziwa vya Kenya na Uganda vimekuta damu ya sato ndani ya samaki ambao kwa sura ungeapa ni ngege. Ndiyo maana mhifadhi wa leo hubeba kichupa cha spiriti chenye kipande cha pezi cha kupima vinasaba, na ndiyo maana vita yake kubwa ni kuwashawishi watu wasipandikize kitu.

Tanzania ina mkanganyiko wake. Ngege alipokuwa bado na sifa, alisafirishwa hadi Singida na hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojazwa katika miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani. Alistawi; uchunguzi wa miaka ya 1970 ulimkuta miongoni mwa samaki wakuu bwawani. Lakini Pangani ina perege wake, Oreochromis jipe, aliyepewa jina la Ziwa Jipe, naye pia yumo katika daraja lilelile la hatari. Huko ngege ndiye mvamizi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu perege wa kaskazini mwa Tanzania ulikuta uchotara kati ya wenyeji na wageni upo, ila bado ni mdogo. Ukimwondoa ngege bwawani humo unamsaidia jipe, na wakati huohuo unapunguza akiba ya samaki ambaye Ziwa Victoria haliwezi tena kumtoa.