Kituo cha Vijana Kamenge: zaidi ya miaka 30 ya mpira, vitabu na ratiba

Ramani ya michezo ya Bujumbura ilichorwa na Wabelgiji, na mkaazi wa Rohero anaifaidi hadi leo. Mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura, Rohero ilikuwa makazi ya Wazungu: barabara pana, miti ya kivuli, nyumba zenye bustani. Uwanja mkubwa wa mpira, uliochukua jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore na ambao tangu 2019 unaitwa Intwari, uko huku. Viwanja vya tenisi na bwawa la kuogelea la Entente Sportive viko huku. Kituo cha utamaduni cha Wafaransa, chenye maktaba na filamu zake, kiko huku. Waafrika walipangiwa Buyenzi na Bwiza, kisha upande wa kaskazini Ngagara, kartiye iliyojengwa na ofisi ya makazi ya kikoloni, OCAF, hata wazee wakaendelea kuiita Okafu. Kamenge, Cibitoke, Kinama, Buterere na Gihosha zikajaa watu. Shule zilijengwa, makanisa na misikiti ikajengwa, baa zikajijenga zenyewe. Mahali pa kijana kupitisha alasiri bila kununua bia hapakujengwa.

Historia ya Kituo cha Vijana Kamenge inaanzia kwenye pengo hilo. Naandika hivi kwa sababu kila kituo hiki kinapotajwa, hutajwa kwanza kuwa kituo cha amani, na wasomaji wa mbali hudhani kilianzishwa ili kupatanisha Wahutu na Watutsi baada ya vita. Kilikuwapo kabla ya vita. Kilianzishwa kwa ajili ya vijana waliokuwa wengi na wasiokuwa na la kufanya, na kimeshinda mengi kwa kuendelea kufanya kazi hiyo ndogo hata pale kila mtu mwingine alipoiona haina maana.

Ili kielezeke, lazima turudi kwenye utawala wa Kanali Jean-Baptiste Bagaza, kati ya 1976 na 1987. Bagaza aligombana na Kanisa Katoliki vikali: misa za siku za kazi zilipigwa marufuku, mapadri walifungwa, na wamisionari wa kigeni walifukuzwa kwa makundi. Waksaveri, shirika lililoanzishwa Parma, Italia, mwaka 1895 na Guido Maria Conforti, walikuwa miongoni mwa walioondoka. Meja Pierre Buyoya alipompindua Bagaza tarehe 3 Septemba 1987, milango ilifunguliwa tena. Waksaveri waliorejea hawakupelekwa vijijini pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi yao, akiwamo Padri Claudio Marano ambaye jina lake lingeambatana na kituo kwa miaka mingi, walipewa kazi ambayo mmisionari wa kizazi cha kabla yao asingeiita umisionari: kujenga mahali pa vijana wa mjini, wa dini zote, wenye umri wa miaka 16 hadi 30.

Umri huo una maana yake. Mtoto wa miaka kumi anacheza popote penye vumbi. Kijana wa miaka 19 aliyeachwa nje na mtihani wa taifa, uliokuwa ukiwachuja wanafunzi wengi tangu darasa la sita, hana tena ruhusa ya kucheza mtaani na hana pesa za kukaa baa. Ndiye anayesimama kwenye kona. Na anayesimama kwenye kona ndiye wa kwanza kuandikishwa na yeyote anayetafuta jeshi. Kituo kikampa viwanja vya kabumbu, mpira wa kikapu na wa wavu, maktaba yenye viti na meza, ukumbi wa filamu, tamthilia na muziki, na mafunzo ya lugha na ya kompyuta. Masharti yalikuwa mepesi: ujiandikishe, uheshimu ratiba.

Ratiba inastahili kusemwa zaidi kidogo, maana kwenye hotuba za maadhimisho haitajwi. Kuendesha michezo ya jamii ni kazi ya stoo. Mpira upo au haupo. Umejazwa upepo au haukujazwa. Saa kumi uwanja ni wa wasichana wa mpira wa kikapu, na wavulana waliozoea kuuchukua wataambiwa na nani, kwa sauti gani, waondoke? Anayekabidhiwa funguo za maktaba arudishe vitabu vyote jioni. Anayepanga timu kwa ajili ya mashindano anashika kisu kwa makali: akizipanga kwa mtaa, Ngagara dhidi ya Kamenge, amepanga ugomvi; akizichanganya, kila kocha atalalamika kwamba amepewa wabovu. Mji mzima unaweza kuwa na uwanja wa maelfu ya watazamaji, kama ulioko Rohero, bila kuwa na mtu mmoja wa kazi hii. Uwanja mkubwa ni wa kutazama. Kamenge palijengwa pa kucheza.

Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi wa rais, Mhutu wa kwanza kushika nafasi hiyo kwa kura. Aliapishwa Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimwua. Yaliyofuata mikoani yanajulikana: Watutsi waliuawa na majirani zao, Wahutu waliuawa na jeshi na kwa kisasi. Mjini vita vilichukua sura ya mitaa. Ngagara ikawa ya Watutsi, Kamenge na Kinama za Wahutu, na Cibitoke, iliyokuwa mchanganyiko, ikachujwa kwa damu. Makundi ya vijana kama Sans Echec yalitawala barabara. Siku za mji mfu, dukani hakuna kitu na njiani hakuna mtu, aliyethubutu kupita alipigwa mawe au kuchomwa. Machi 1995 Bwiza na Buyenzi nazo ziliondolewa Wahutu, wengi wakavuka kwenda Uvira, Zaire. Katikati ya mwaka huohuo jeshi likaingia Kamenge na watu wakaihama kartiye, wakikimbilia milimani.

Kituo kilikuwa hapo katikati. Ukitazama ramani ya mwaka 1995 huoni sababu ya kiwanja cha mpira wa wavu kuendelea kuwa na wachezaji. Sababu ni kwamba kituo kilikuwa na wanachama kabla ya vita. Kijana wa Ngagara alimfahamu wa Kamenge kwa jina, kwa mguu wake wa kushoto, kwa kitabu alichokawia kukirudisha. Ufahamu huo haukuzuia mauaji, na asiandike mtu kwamba ulizuia. Wako waliocheza pamoja kisha wakaingia kwenye makundi ya pande mbili. Lakini uliacha kitu cha kurudia. Waliorudi walirudi mahali wanapopajua, kufanya jambo wanalolijua, na hawakuhitaji kutoa hotuba ya msamaha mlangoni ndipo wapewe mpira. Semina za upatanisho zilizofadhiliwa baadaye kwenye hoteli za mjini zilianzia mbali zaidi ya hapo: ziliwakalisha watu wasiofahamiana, zikawaomba waaminiane kabla ya chakula cha mchana.

Kutoka kwenye michezo, kituo kiliingia kwenye matofali. Kambi za kazi za likizo ziliwakusanya vijana wa makabila yote kufyatua matofali na kujenga upya nyumba zilizobomolewa katika mitaa ya kaskazini. Hapa naona akili ya kazi yenyewe. Kijana anayemjengea nyumba mama wa upande mwingine, ilhali mama huyo amesimama palepale akiangalia kama ukuta umenyooka, hapewi nafasi ya kujionyesha. Ukuta ukipinda unabomolewa.

Shirika la Waksaveri lenyewe lililipa gharama. Tarehe 30 Septemba 1995, huko Buyengero, kusini mwa nchi, Waksaveri wawili, Ottorino Maule na Aldo Marchiol, waliuawa pamoja na Catina Gubert, mlei wa Kiitalia aliyefanya kazi nao. Wenzao wa Kamenge wangeweza kufunga na hakuna ambaye angewalaumu. Julai 1996 Buyoya akarudi madarakani kwa mapinduzi, nchi jirani zikaweka vikwazo, na kila kitu kikapanda bei. Mwaka huohuo, huko Atlanta, Vénuste Niyongabo aliiletea Burundi medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya kwanza kabisa ya nchi hii, na kwa siku chache redio za pande zote za mji zilikuwa na habari moja.

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ingawa vikundi viwili vikubwa vya wapiganaji havikuwamo na milio ya risasi iliendelea kusikika kaskazini mwa mji. Mwaka 2002 kituo kilipewa Tuzo ya Right Livelihood, ile inayotolewa Sweden na ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Sifa zilizosomwa zilikuwa za amani, na zilistahili. Binafsi ningependa tuzo kama hizo zitaje pia mtunza stoo. Hata hivyo fedha na jina vilisaidia: watu wa Rohero ambao hawakuwahi kuvuka kwenda Kamenge isipokuwa kwa gari lililofungwa vioo walianza kujua kuna nini huko.

Baada ya uchaguzi wa 2005 nchi iliongozwa kwa miaka 15 na mwalimu wa elimu ya viungo. Pierre Nkurunziza alifundisha michezo chuo kikuu kabla ya kuingia msituni, na akiwa rais alikuwa na timu yake, Haleluya FC, akiichezea yeye mwenyewe. Angetarajiwa kuwa rais aliyeelewa michezo kuliko wote, na kwa namna moja aliielewa kupita kiasi. Mwaka 2014, baada ya polisi na vijana wa chama cha upinzani cha MSD kupambana mwezi Machi, mbio za makundi ambazo ni desturi ya asubuhi za wikendi Bujumbura zilizuiwa barabarani zikabanwa kwenye viwanja vilivyotengwa. Serikali iliona kikundi kinachokimbia kwa wimbo na hatua moja ikaona askari. Haikukosea kabisa: watu waliozoea kukutana saa moja asubuhi kila Jumamosi tayari wamejipanga. Ndiyo nguvu ileile iliyokibeba kituo, na kila mtawala huitaka kwake.

Septemba mwaka huohuo, katika parokia ya Kamenge yenye jina la Conforti, watawa watatu wazee wa Kiksaveri, Lucia Pulici, Olga Raschietti na Bernardetta Boggian, waliuawa ndani ya nyumba yao. Aprili 2015 maandamano dhidi ya muhula wa tatu wa Nkurunziza yalianza, na Cibitoke na Ngagara zikarudi kwenye habari pamoja na Musaga na Nyakabiga. Safari hii mstari haukuwa wa kabila kama ule wa 1993, ulikuwa wa chama. Mamia ya maelfu walikimbia nchi, wengi wakiishia kambi za Kigoma kama Nyarugusu na Nduta. Kati yao walikuwamo vijana wengi wa umri uleule wa kujiandikisha kituoni.

Wanachama wa kwanza sasa wana takriban miaka 50 au zaidi. Watoto wao wamefika umri wa kujiandikisha, na baadhi wameshaupita. Mitaa ya kaskazini imepanuka, Kinama na Buterere zaidi ya zote, katika nchi ambayo karibu nusu ya watu wake hawajafikisha miaka 18. Viwanja ni vilevile. Wahisani wa Ulaya wanapenda kulipia jengo, maana jengo hupigwa picha na kuwekwa kibao cha jina. Mshahara wa anayefungua stoo kila siku, kwa miaka 30, hauna kibao. Musaga na Kanyosha, kusini mwa mji, zina vijana wengi kama Kamenge ya mwaka 1991, na watakaojaribu kuwajengea chao wangefanya vyema kuanza na mshahara huo, kisha waulize bei ya saruji.