2,147,483,647

Usomaji. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Maana. Namba nzima, witiri, yenye tarakimu kumi. Hupatikana kwa kupandisha 2 kwa kipeo cha 31, kisha kutoa 1.

Sifa. Ni namba tasa. Neno *tasa*, ambalo kwa asili husemwa juu ya kiumbe asiyezaa, hapa lina maana ya namba iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tasa si sawa na witiri: 9 ni witiri, lakini hugawanyika kwa 3. Sifa hiyo hupotea kwa tofauti ya moja tu, kwani 2,147,483,646 ina vigawo tasa saba: 2, 3, 7, 11, 31, 151 na 331.

Leonhard Euler alithibitisha utasa wa namba hii mwaka 1772. Hakujaribu kila kigawo. Alionesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kiache baki ya 1 au 63. Tena ilitosha kuishia 46,340, kwa sababu kipeo cha pili cha 46,341 huizidi namba yenyewe. Hivyo majaribio hayakuzidi mia nne. Kwa miaka mingi baadaye haikujulikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hii.

Matumizi. Katika kompyuta, ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa kwa biti 32 iwapo biti moja inaonesha alama ya chanya au hasi. Mifumo inayohesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na kuhifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 za namna hiyo, itafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utasoma Desemba 1901.

Tanbihi ya lugha. Fungu la maelfu likisimama peke yake huleta utata: *elfu mia nne themanini na tatu* huweza kufahamika kuwa 483,000 au 400,083. Katika maandishi, tarakimu huondoa shaka. Katika usemi, mkato hausikiki. Mfasiri au mwalimu aweza kutanguliza idadi mbele ya neno *elfu*: *mia nne themanini na tatu elfu*, au kutumia *laki*: *laki nne, themanini na tatu elfu*. Namba inayopotewa na sifa yake kwa tofauti ya moja haivumilii usomaji wa kukisia.

Taz. pia: kigawo, kipeo, laki, shufwa, tasa, witiri.