Geji ya ziada ya injini katika gari la haibridi

Geji ya ziada ya injini ni kifaa kidogo chenye skrini, kinachonunuliwa kando na gari na kuchomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi. Humwonyesha dereva, gari likiwa barabarani, mambo ambayo kompyuta ya gari inayajua lakini dashibodi haiyasemi: joto la maji ya rejeta, mizunguko ya injini kwa dakika, volti za betri, mafuta yanayochomwa muda huo. Katika gari la kawaida ni pambo la wapenda magari. Katika haibridi, hasa Toyota Prius na jamaa zake, inaziba pengo la kweli, kwa sababu magari hayo yalitoka kiwandani bila geji ya joto wala ya mizunguko. Kilichopo ni taa ya onyo, nayo huwaka mambo yakiwa yameshaharibika.

Soketi na asili yake

Kifaa hiki kisingekuwepo bila sheria za moshi za California. Mamlaka ya hewa ya jimbo hilo ilivilazimisha viwanda kuweka kompyuta inayojichunguza kuanzia magari ya mwaka wa modeli 1988, lakini kila kiwanda kilikuwa na plagi yake na lugha yake. Awamu ya pili, inayojulikana kwa kifupi OBD-II, ilimaliza fujo hiyo: tangu modeli za 1996 kila gari dogo la petroli linalouzwa Marekani lina soketi ya pini 16 yenye umbo moja, mahali ambapo dereva anaweza kuifikia. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Pini ya 16 hubeba umeme wa betri moja kwa moja, pini za 4 na 5 ni ardhi, na pini za 6 na 14 hupitisha mawasiliano ya mfumo wa CAN, ambao Marekani iliufanya wa lazima kwa modeli za 2008. Kumbuka hiyo pini ya 16. Umeme wake haukatiki hata gari likizimwa, na baadaye tutaona balaa lake.

Prius iliingia sokoni Japani Desemba 1997 na kufika Marekani mwaka 2000. Kizazi cha pili, kilichotoka 2003, kilikuwa na skrini kubwa katikati ya dashibodi yenye mishale ya kuonyesha umeme unatoka wapi na unakwenda wapi. Mishale hiyo ilivutia macho, ila haikuwa na namba. Waliotaka namba ni madereva wa kubana mafuta, kundi lililopata umaarufu Marekani bei ya galoni ilipopita dola 4 mwaka 2008. Jina la mchezo wao, lililobuniwa na Wayne Gerdes, lilichaguliwa mwaka huohuo na wachapishaji wa kamusi ya Oxford ya Kiingereza cha Marekani kuwa neno la mwaka. Kifaa walichokipenda zaidi kilikuwa ScanGauge ya kampuni ya Linear-Logic ya Mesa, Arizona: kijisanduku chembamba kinachoonyesha vipimo vinne kwa wakati mmoja.

Tatizo la injini inayozima

Geji nyingi zilitengenezwa kwa dhana moja rahisi: injini ikizima, safari imekwisha. Kifaa hujifunga, hufunga hesabu ya safari na kulala. Haibridi haiheshimu dhana hiyo. Kwenye foleni, kwenye mteremko, au mguu ukiachia pedali ya mafuta, injini husimama kabisa huku gari likiendelea kwenda. Geji isiyojua hilo itakatisha safari moja vipande kumi na kutoa wastani wa uongo. Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kuchomeka waya ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua aina ya gari kuwa haibridi, ili kifaa kibaki macho mizunguko ikisoma sifuri. Wengi huruka hatua hii kisha wakasema kifaa ni kibovu.

Kinyume chake pia hutokea, na huwachanganya hata mafundi. Katika Prius ya kizazi cha pili, gari likipita takribani kilomita 67 kwa saa, mpangilio wa gia zake hauruhusu injini isimame. Ukiachia pedali, injini huzungushwa mara elfu moja hivi kwa dakika bila kudungiwa petroli hata tone. Geji ya mizunguko inasoma karibu 1,000, ya mafuta inasoma sifuri, na zote mbili zinasema kweli. Anayetazama mizunguko peke yake hawezi kujua kama anachoma mafuta. Ndiyo maana wabanaji wa mafuta huweka vipimo hivi viwili bega kwa bega. Mbinu yao ni kukanyaga hadi karibu kilomita 65, kuachia ili injini ilale, kisha kukanyaga kidogo sana mpaka mishale yote ipotee kwenye skrini, na gari lielee bila kuchaji wala kuvuta umeme.

Kufunga

Kazi yenyewe haina mengi. Soketi iko chini ya dashibodi upande wa dereva, na plagi huingia kwa namna moja tu. Hakuna hatari ya umeme mkubwa hapo: Prius ya kizazi cha pili ina betri ya volti 201.6 ambayo inveta huipandisha hadi 500, lakini nyaya zake ni za rangi ya chungwa na hazipiti kwenye soketi ya uchunguzi. Nyaya za kuogopa chini ya usukani ni za njano, ambazo ni za mifuko ya hewa. Usizifungue, usizifunge pamoja na waya wa geji kwa klipu, na usipitishe waya mbele ya kifuniko cha mfuko wowote. Prius ya kizazi cha tatu ina mfuko wa magoti chini ya usukani, mahali hasa ambapo mtu angetamani kuuficha waya.

Mahali pa kukibandika kifaa ndipo penye ubishi. Katika Prius, namba za spidi ziko mbali, karibu na kioo cha mbele, hivyo dereva amezoea kutazama juu ya usukani, si kupitia katikati yake. Juu ya kifuniko cha nguzo ya usukani ni pazuri: macho hayashuki sana, na waya unashuka kwa njia fupi. Kasoro ni kwamba usukani ukirekebishwa juu au chini kifaa huenda nao, basi acha waya ulegee kidogo. Kwenye kioo cha mbele si pa kuwekea kitu; sehemu nyingi sheria inakataza, na jua litakiua kifaa. Mkanda wa kunasa wa pande mbili unatosha, mradi plastiki ifutwe kwanza kwa spiriti. Gundi ya kudumu iepukwe, kwani geji itahitaji kutolewa siku fundi atakapotaka soketi kwa mashine yake. Hakikisha pia waya hauning'inii karibu na pedali. Hili halina mjadala.

Baada ya hapo kifaa huuliza ukubwa wa injini, ambao ni lita 1.5 kwa Prius ya kizazi cha pili na jamaa yake Aqua, 1.8 kwa kizazi cha tatu, pamoja na ujazo wa tangi.

Namba na maana yake

Mafuta hayapimwi, hukisiwa. Kifaa husoma uzito wa hewa inayoingia injinini na kugawa kwa 14.7, uwiano wa hewa na petroli inapoungua sawasawa. Hewa ya gramu 5 kwa sekunde ni gramu 18,000 kwa saa. Ukigawa unapata gramu 1,224 za petroli, yaani lita moja na nusu na kitu. Makisio hayo hurekebishwa kwa kulinganisha na kituo cha mafuta, na hapo Prius za Marekani za vizazi viwili vya kwanza zina kituko chao: tangi lao lilikuwa na mfuko wa mpira ndani, ambao baridi huukaza, hivyo tangi moja huingia mafuta zaidi leo na pungufu kesho. Kujaza mara moja hakutoshi kurekebishia geji. Chukua wastani wa mara kadhaa.

Joto la maji ndilo kipimo chenye faida kuliko vyote. Injini ya Prius ikiamka baridi huendeshwa kwa awamu. Mpaka maji yafike nyuzi 40 inashughulika zaidi na kupasha kifaa cha kusafisha moshi, na hailali kwa uhuru mpaka yapite takribani 70. Kwa dereva wa Minnesota wakati wa theluji, kuziona nyuzi hizo ni kujua kwa nini gari linakunywa. Wenzake huziba nusu ya matundu ya mbele kwa sponji za kufunikia mabomba ili injini isipoe, jambo la kipumbavu kama huna geji. Toyota yenyewe iliweka katika Prius za kizazi cha pili za Marekani chupa ya kuhifadhi maji moto ya injini, yakibaki na joto hadi siku tatu.

Volti husomwa tofauti na ilivyo kwenye gari la kawaida. Haibridi hizi hazina altaneta. Betri ndogo ya volti 12 huchajiwa kutoka betri kubwa, injini iwe inazunguka au imelala. Taa ya READY, inayoonyesha gari liko tayari kwenda, ikiwa imewaka, geji isome kati ya 13.5 na 14.5 bila kuyumba. Ikishuka chini ya 13, tatizo lipo upande wa kuchaji, si wa injini.

Afrika Mashariki

Aqua, Axio na Fielder za haibridi zinazoingia Kenya, Tanzania na Uganda kutoka Japani zimeshatumika miaka kadhaa, na hapa hakuna haja ya kupasha injini. Hofu ni upande wa pili. Aqua na Prius ya kizazi cha tatu zina pampu ya maji ya umeme isiyo na mkanda. Ikifa, hakuna mkanda utakaokatika na kupiga kelele za kukuonya. Injini yenye moto husoma kati ya nyuzi 80 na 95. Ukiona imepita 100 na inaendelea kupanda, simama kando sasa, kabla ya silinda hedi kupinda. Namba inakupa dakika ambazo taa nyekundu haikupi. Geji zinazokubali kuongezewa vipimo huonyesha pia joto la betri kubwa, ambayo hupozwa kwa feni iliyo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi likijaa kwenye kichujio chake, namba hiyo hupanda kabla gari halijalalamika.

Wengi hawanunui geji yenye skrini, bali adapta ndogo ya Bluetooth inayotuma data kwenye simu. Karibu zote zinajitambulisha kama ELM327, jina la kichipu cha kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, na nyingi ni nakala. Baadhi hazilali gari likizimwa, na pini ya 16 inaendelea kuzilisha. Adapta inayokula miliampia 50 humaliza ampia-saa (Ah) 1.2 kwa siku. Betri ya Ah 35 itakuwa imepungua nusu katika wiki mbili za gari kusimama. Betri hiyo ndogo ikiisha, gari haliingii READY hata kama betri kubwa imejaa, na kwenye Prius mlango wa nyuma, uliko betri, haufunguki bila umeme. Kuna nukta ya kuazimia umeme ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Anayesafiri na kuliacha gari nyumbani achomoe adapta.