Methali ya dhahabu na ahadi ya 1930

"Si kila king'aacho ni dhahabu." Wengi huidhani methali ya wahenga wetu. Asili yake ni Ulaya: ilikuwepo kwa Kilatini, Chaucer akaitumia kwa Kiingereza katika karne ya 14, na miaka ya 1590 Shakespeare akaivumisha katika tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, *Mabepari wa Venisi*. Humo mwana mfalme wa Moroko, akiposa, anachagua sanduku la dhahabu na kukuta fuvu la kichwa.

Methali huonya watu wasidanganywe na sura ya nje: mchumba, kazi ya Uarabuni, ploti ya bei rahisi. Lakini Kakamega, magharibi mwa Kenya, methali hii ilipinduka.

Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, aligundua dhahabu huku. Walowezi waliobanwa na mdororo wa uchumi wakamiminika na majembe na mahema. Dhahabu ilikuwa ya kweli kabisa. Kilichong'aa bure ni sheria. Ile ya serikali ya kikoloni ya 1930 iliwaahidi Waafrika kwamba maeneo waliyotengewa ni yao daima, na kipande kikichukuliwa, kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali ikaibadilisha: ardhi ikichukuliwa kwa ajili ya madini, fidia ya fedha ingetosha. Ahadi ya daima haikumaliza miaka mitatu! Hata London walikuwapo walioona aibu, na kwa Waluhya, wenyeji wa Kakamega, kilio cha ardhi kilisaidia kuzaa chama cha North Kavirondo Central Association.

Sasa njoo Bukura, upande wa Butere ukishaiacha barabara ya Kisumu pale Sigalagala. Hapa serikali hiyohiyo ilianzisha shule ya kilimo miaka ya 1920, mama wa Chuo cha Kilimo cha Bukura cha leo. Vijana walifundishwa kuutunza udongo na kulima kwa njia mpya, wakawafunze wenzao vijijini. Mwendo mfupi kutoka hapo, vibali vya kuufukua udongo huohuo vilikuwa vikitolewa.

Mgodi wa dhahabu wa Rosterman, Kakamega, ulifungwa 1952, lakini uchimbaji haukukoma. Huko Rosterman, na Ikolomani katika kaunti hiyohiyo ya Kakamega, wachimbaji wadogo bado wanashuka mashimoni, na wanawake wanaponda mawe na kuosha mchanga kwenye makarai, zebaki ikiwagusa mikono. Kampuni ya Shanta Gold nayo imefanya utafiti Ikolomani, na wenyeji wameanza kuuliza watahamishiwa wapi, na watalipwa nini.