Mkazi, Mzalia na Mtu wa Mkataba: Hesabu ya Watu katika Visiwa vya Chagos

Wafasiri wa nyaraka za kimataifa hukutana mara kwa mara na majedwali yenye majina ya nchi na makoloni ya dunia, na mkabala wa kila jina idadi ya watu wake. Mkabala wa Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos, majedwali hayo kwa miaka mingi yameandika kwamba hakuna wakazi wa kudumu, kisha yakaongeza chini, kwa herufi ndogo, kwamba katika kisiwa cha Diego Garcia wako askari na wafanyakazi wa mkataba wapatao elfu tatu au nne. Mfasiri mwepesi hulimaliza jambo hilo kwa dakika moja, akaendelea na mstari unaofuata. Sisi twaona yafaa atue kidogo, kwa maana maneno hayo matatu, wakazi wa kudumu, yana historia yake, na katika historia hiyo neno lilitangulia, watu wakaondolewa baadaye.

Visiwa vya Chagos viko katikati ya Bahari ya Hindi, kusini ya Maldivi kwa kilomita zipatazo 500, na kutoka Morisi ni zaidi ya kilomita 2,000. Visiwa vyenyewe vyazidi 50, lakini nchi kavu yake yote ni kama kilomita za mraba 60 tu, na karibu nusu yake ni Diego Garcia peke yake. Havikuwa na watu mpaka mwishoni mwa karne ya 18, Wafaransa waliokuwa wakitawala Morisi walipoanza kupanda minazi huko kwa kazi ya watumwa waliotolewa Msumbiji na Bukini, ambayo sasa twaiita Madagaska. Mwaka 1814 Morisi, pamoja na visiwa vilivyokuwa chini yake, ikawa ya Uingereza. Utumwa ulifutwa katika koloni hilo mwaka 1835, lakini minazi haikung'olewa, na waliokuwa watumwa walibaki nayo. Wake kwa waume walifua nazi, wakakausha mbata na kukamua mafuta, hata Chagos na visiwa vingine vya namna hiyo vikajulikana kwa jina la Visiwa vya Mafuta. (Mfasiri wa leo na ajihadhari: mafuta hayo ni ya nazi, wala hayahusiani na visima.)

Watu hao walizaa na kuzikana huko. Walikuwa na kanisa, makaburi, na Krioli yao iliyo jamaa ya ile ya Morisi. Sensa za Morisi ziliwahesabu pamoja na watu wa visiwa vingine vya mbali. Kufikia katikati ya karne ya 20 walikuwako wengi ambao wazazi wao, mababu zao na wazazi wa mababu zao walikuwa wamelazwa katika mchanga wa visiwa hivyo. Kwa Krioli walijiita *zanfan zil*, yaani watoto wa visiwa.

Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Katika miji ya pwani yetu, enzi za utumwa, mzalia alikuwa mtoto wa watumwa aliyezaliwa hapa hapa, akakua katika lugha na desturi za mahali, tofauti na aliyeletwa karibuni kutoka bara. Asili yake ilijulikana kuwa ni ya kuletwa, wala hakuna aliyeificha. Hata hivyo alihesabiwa kuwa mtu wa mahali pale. Neno hilo lina uchungu wa utumwa ndani yake, na kwa sababu hiyo baadhi ya wenzetu hawalipendi. Lakini kwa watu wa Chagos uchungu huo ni kweli ya historia yao, na sioni, hatuoni kwa jumla, neno jingine linalobeba mambo mawili hayo kwa pamoja: kuletwa kwa nguvu, na kuwa mtu wa kwao. Mwenyeji hufaa pia, ila mwenyeji ni yule apokeaye wageni, na mara nyingi msomaji humdhania kuwa ni wa asili tangu mwanzo wa dunia. Katika Chagos hakuwako mtu wa namna hiyo.

Ama mkazi, asili yake ni kukaa. Asemaye kwamba anakaa mahali hajaeleza ataondoka lini, wala haulizwi. Kumwongezea mkazi sifa ya kudumu ni desturi ya ofisini, na hudokeza kwamba wako wakazi wengine ambao kukaa kwao si kukaa hasa. Wasomaji watakumbuka kwamba katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 aliyehesabiwa ni yule aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwa kanuni kama hiyo Chagos isingalikosa watu usiku hata mmoja kwa zaidi ya miaka 170.

Lililowaponza watu hao ni karatasi. Ardhi yote ilikuwa mali ya wenye mashamba, na hakuna mfanyakazi aliyekuwa na hati ya hata kiwanja alichojengea. Kazi ilifanywa kwa mkataba, na aliyezaliwa Peros Banhos alitia alama ya kidole kama mwenziwe aliyeshuka juzi kutoka Shelisheli. Nao hao wa Shelisheli waliongezeka katika miaka ya mwisho ya mashamba. Hivyo karani akitaka angeweza kuwaandika wote chini ya kichwa kimoja, bila kusema uongo ulio dhahiri.

Karani akataka. Tarehe 8 Novemba 1965, kabla Morisi haijapata uhuru, Uingereza iliitenga Chagos na kuifanya koloni jipya, pamoja na visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches vilivyokuwa vya Shelisheli, ambavyo vilirudishwa mwaka 1976. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2066 la tarehe 16 Desemba 1965, liliitaka Uingereza isiigawe nchi ya Morisi. Tarehe 30 Desemba 1966 Uingereza ilikubaliana na Marekani kwamba visiwa vitumike kwa ajili ya ulinzi. Sasa kifungu cha 73 cha Katiba ya Umoja wa Mataifa huwabana wenye kutawala maeneo ambayo watu wake hawajafikia kujitawala. Palipo na watu pana wajibu, na pana taarifa ya kupeleka.

Nyaraka za serikali ya Uingereza za mwaka 1966, ambazo baadaye zilifunguliwa, zaonyesha kwamba maofisa waliliona jambo hilo kwa macho makavu. Waliandikiana kwamba Wizara ya Makoloni yataka kuepuka maneno wakazi wa kudumu, kwa kuwa kukiri kuwa wako watu hao kutakuwa ni kukiri kuwa kuna umma ambao haki zake za kidemokrasia lazima zilindwe. Ofisa mmoja wa juu alifanya mzaha kwamba huko hakutakuwa na wenyeji ila ndege wa baharini. Mwaka 1970 mwanasheria wao aliandika wazi juu ya kuidumisha hadithi hiyo ya kubuni. Katika kazi yetu ya istilahi ni nadra kumwona mtu akichagua neno huku ameandika na sababu yake pembeni.

Yaliyofuata yajulikana. Mashamba yalinunuliwa na serikali mwaka 1967. Kuanzia 1968 waliokwenda Morisi kwa matibabu au kuwaona jamaa waliambiwa bandarini Port Louis kwamba hakuna chombo cha kuwarudisha. Mwaka 1971 ilitungwa sheria iliyomkataza mtu yeyote kuingia au kukaa visiwani bila kibali; Diego Garcia ikaondolewa watu mwaka huo huo, Salomon ikafuata mwaka 1972, na Peros Banhos mwaka 1973. Waliohamishwa hutajwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000, na mojawapo ya sababu za tofauti hiyo ni swali kama wahesabiwe pia wale walionyimwa kurudi.

Tarehe 3 Novemba 2000, katika shauri lililofunguliwa na Olivier Bancoult, ambaye familia yake ilikwamia Morisi mwaka 1968 ilipompeleka mtoto hospitali, Mahakama Kuu ya London iliibatilisha sheria ya 1971. Hoja ilikuwa ya lugha pia. Mamlaka ya kutunga sheria yalikuwa kwa ajili ya amani, utaratibu na serikali njema ya eneo, na majaji walisema kwamba watu wa eneo ni wa kutawaliwa, si wa kuondolewa. Ushindi huo haukudumu: amri za mwaka 2004 zilirudisha katazo, na Baraza la Malodi likaziidhinisha mwaka 2008 kwa kura 3 dhidi ya 2.

Juu ya jina lao. Zamani waliitwa *Ilois*, watu wa visiwani, lakini katika mitaa ya Morisi jina hilo likageuka tusi, na viongozi wao wakachagua jina litokalo katika Chagos yenyewe. Kwa Kiswahili wako waandikao Wachago. Hatulikubali, maana msomaji wa Moshi atadhani ameandikwa yeye vibaya. Wachagosi ni refu kidogo, lakini halina utata.

Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Morisi haikuondolewa ukoloni kwa njia halali, na tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia sahihi mkataba wa kuirudishia Morisi visiwa, huku kituo cha Diego Garcia kikibaki kwa miaka 99. Mkataba huo waipa Morisi nafasi ya kuwarudisha watu katika visiwa vingine, bali si Diego Garcia. Nyaraka zake zitafasiriwa, na istilahi hizi zitatakiwa. Twapendekeza mzalia kwa aliyezaliwa visiwani au aliye wa ukoo wa waliozaliwa huko, na mkazi, bila sifa ya ziada, kwa aishiye huko. Maneno watu wa mkataba yaachiwe maofisa wa 1966, ndani ya alama za kunukuu. Na pale jedwali linapodai kwamba Chagos haina wakazi wa kudumu, mfasiri aombe ruhusa ya kuongeza maneno mawili mwishoni: tangu 1973.